MKM Ateremke Majini

"Mgodi uko upande gani?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya mgeni wetu, Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijamaliza kupangusa meza. Alikuwa mama wa makamo, amevaa mabuti ya mpira na kofia ngumu ya njano yenye tochi mbele. Tochi ilikuwa inawaka ingawa jua lilishajaa chumbani. Begani alibeba sururu. Nyuma yake alisimama mlinzi wa getini akihema, amekumbatia kitabu cha wageni.

"Nimemwambia haruhusiwi kuingia na sururu," mlinzi alijitetea. "Akaniuliza, 'Wewe unakuja kazini bila kalamu?' Nikaanza kutafuta kalamu, naye akapita."

"Karibu, mama," nilisema. "Mgodi gani?"

"Wa baharini." Alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mpaka kimekuwa kama kiberiti. "Soma mwenyewe, usije ukasema nimejialika."

Nilisoma. *Kambi ya wanamaji inatafuta mtu mwenye uzoefu wa muda mrefu katika kutafuta, kufagia na kusafisha migodi ya chini ya bahari. Aje na vifaa vyake.*

"Kutafuta nimetafuta," alisema akihesabu kwa vidole. "Kufagia nimefagia, tena kwa ufagio wangu mwenyewe. Kusafisha ndiyo usiniulize. Miaka kumi na tisa mgodini, binti yangu. Ya chini ya bahari sijawahi, lakini nikasema moyoni, kama chuma kinaruka angani na watu ndani yake, mgodi utashindwa nini kulowa?"

Mlinzi alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Tangazo lile nililiandika mimi.

Ofisi yetu iliitwa Kitengo cha Istilahi, na zamani ilikuwa stoo ya rangi. Siku za joto kuta zilitoa harufu ya rangi ya meli, na dawati langu lilikuwa na duara la kijivu ambapo debe lilikaa miaka mingi. Kazi yetu ilikuwa kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo yote ya mabomu yanayotegwa baharini: yanayolala sakafuni mwa bahari, yanayoning'inia kwa mnyororo, yanayosikiliza injini, na vyombo na watu wanaoyaondoa. Nilitoka chuo moja kwa moja kuja hapa, na niliipenda kazi hii kuliko nilivyoweza kumweleza mtu. Niliamini, na bado naamini, kwamba baharia akionywa kwa lugha anayoota nayo usingizini, atainama haraka zaidi.

Sasa, kwenye lugha ya kigeni iliyotumika kuandikia miongozo yetu, neno la shimo la dhahabu na neno la bomu la baharini ni lile lile moja. Nikiwa na siku nne kazini niliambiwa niandike tangazo haraka. Nikafungua kamusi, nikakuta maana mbili, nikachukua ya kwanza. Wiki iliyofuata niligundua kosa, nikarekebisha orodha yangu yote kimya kimya. Tangazo lilikuwa limeshakwenda gazetini, nami nikalisahau kama mtu anavyosahau mwavuli.

"Mama," nilisema, "hapa hakuna mgodi. Ni mabomu."

"Mabomu?"

"Yanayolipuka."

Alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono juu, akazima tochi.

Hapo ndipo alipoingia mkuu wetu, Kapteni, akiinamisha kichwa asigonge fremu ya mlango. Alikuwa mrefu kama mlingoti, lakini kambi nzima ilimwita Kifupi, kwa sababu hakuna kitu alichokipenda duniani kama kufupisha maneno. Chakula cha mchana alikiita CM. Mke wake nyumbani alikuwa MN, na nasikia mke mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

"HA," alisema. Habari za asubuhi. "Nani huyu?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika kabati, kisha akanivuta pembeni.

"Mpe chai, mpe pole, aende. Wakiuliza, GL."

"GL ni nini, afande?"

"Gazeti Lilikosea." Akashusha sauti. "Alhamisi Admirali anakuja kukagua. Anaangalia zoezi, halafu anafungua faili lako. Likiwa safi, unaajiriwa kabisa. Likiwa na doa, unarudi kwenye majaribio. Usijitafutie makubwa, binti."

Nilirudi kwa yule mama na kikombe cha chai. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliketi juu ya boksi la karatasi, sururu magotini, akawa anapuliza chai.

"Ujue mimi kule nashika kamba," alisema. "Wenzangu wanashuka shimoni, mimi juu nawashusha. Ishirini na tatu, roho zao zimo kwenye viganja hivi. Nilipoaga, shemeji yangu alicheka hadi akakaa chini. 'Shemeji, baharini utachimba maji?' Wote wakacheka. Kamba nikamwachia yeye."

"Atakurudishia?"

"Nani anampa kamba mtu aliyepoteza akili? Mwanamke amesafiri siku mbili kutafuta mgodi majini, wewe ungeshuka akikushusha?" Alinitazama usoni. "Kazi yenu siitaki. Nataka barua. Iseme niliitwa. Iseme mmekosea nyinyi, sikukosea mimi. Na iwe na muhuri, maana shemeji haamini kitu kisicho na duara."

"Utaipata."

"Basi langu ni Alhamisi saa saba mchana. Lingine mpaka wiki ijayo."

"Kabla hujapanda basi itakuwa mkononi mwako," nilisema. "Naahidi. Yenye muhuri na jina langu."

Ilikuwa rahisi sana kusema. Jumatatu huwa hivyo.

Katibu muhtasi wetu, Mama Muhuri, alikuwa amesikia kila kitu huku akijifanya anachapa. Mgeni alipotoka kunawa uso, alizungusha kiti.

"Umeahidi nini wewe mtoto?"

"Barua tu."

"Barua yenye muhuri hapa ina nakala ya njano. Ya kukiri kosa, nakala ya njano inakwenda kwenye faili la aliyekosa. Yaani lako. Muhuri wenyewe hautoki ofisini kwa Kapteni, na Alhamisi nani ataketi ofisini kwa Kapteni akisoma faili lako?"

"Admirali."

"Haya." Akageuka kuchapa. Kisha bila kunitazama: "Huyo mama atalala kwangu. Ila sururu ibaki nje, mimi nina zulia jipya."

*

Jumanne tulifanya zoezi la majaribio. Meli yetu ya pekee ilikuwa kwa mafundi, kwa hiyo bahari ilichorwa kwa chaki kwenye uwanja wa saruji nyuma ya karakana, na mabaharia wakawa meli. Wawili wenye miguu mirefu walishika kamba ndefu kati yao: hao walikuwa meli ya kufagia, ile inayoburuta waya kukata minyororo ya mabomu. Mwingine aliingia ndani ya boksi la friji lililotobolewa macho: huyo alikuwa meli ya kuwinda, ile inayotafuta bomu moja moja. Mbele yake mwenzake alitembea na ungo wa bati, ndio mtambo wa kusikiliza chini. Mzamiaji alikuja na miwani yake na viatu vyake vya bata, akitembea pa, pa, pa juu ya saruji.

Mabomu yalikuwa mabeseni mekundu yaliyofunikwa kifudifudi, isipokuwa moja. Kuna aina ya bomu linalohesabu: linaacha meli nne zipite salama juu yake ili watu wajione wameshinda, la tano ndipo linalipuka. Beseni haliwezi kuhesabu. Kwa hiyo tulimweka Mpishi chini ya kitambaa cha kijani cha mezani, na maagizo kwamba akipitwa na wa tano apige kelele, "Puu!"

"Nikisinzia?" aliuliza Mpishi.

"Bomu halisinzii," alisema Sajini.

"Mimi nimeamka saa kumi kupika uji wenu."

Kapteni aliketi ukingoni, mgongo wake ukielekea tangi la maji la kujaribia vifaa vya wazamiaji. Mkononi alikuwa na redio, na magotini orodha yangu ya vifupisho. Alikuwa ameipenda sana orodha ile. "Herufi tatu tatu," aliniambia, "kama askari kwenye mstari." Nami niliona fahari. Nilikuwa nimeandika kila istilahi kwenye kadi yake, na kila kadi peke yake ilipendeza.

Mama wa mgodini, ambaye mabaharia walikuwa wameshambatiza Mama Tochi, alikaa karibu yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kapteni akainua redio.

"MKM, songa mbele. Ova."

Meli ya kufagia ikasonga mbele. Boksi la friji nalo likasonga mbele. Yule wa ungo akasonga mbele, na mzamiaji akafuata, pa, pa, pa.

"Simameni!" alisema Kapteni. "Nimesema MKM!"

"Ndiyo, afande," walijibu wenye kamba. "Meli ya Kufagia Mabomu."

"Meli ya Kuwinda Mabomu," lilisema boksi.

"Mtambo wa Kutafuta Mabomu," alisema mwenye ungo.

"Mzamiaji wa Kutegua Mabomu, afande," alisema mzamiaji. "Nilidhani ni mimi."

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Miaka minne nilisoma ngeli. Miaka minne nilijua kwamba watu wetu huanza na m, na meli ni m, na mitambo ni m, na kila kitenzi kikitulia kinavaa ku. Halafu nikachukua herufi za mwanzo!

Kapteni hakutaka kukubali kwamba askari wote wa mstari wake wana sura moja. "Tunaendelea," alisema. "MKM wa kwanza amwambie MKM wa tatu amshushe MKM, MKM akishapita."

Kutoka chini ya kitambaa cha kijani sauti ikauliza, "Mpishi wa Kambi ya Mabomu naye anahusika?"

"Wewe ni bomu! Nyamaza!" Kapteni alisimama, akashika karatasi ya amri aliyoiandika na kuisaini mwenyewe, akasoma kwa sauti ya kukata maneno: "MKM. Ateremke. Majini. Sasa. Ova."

Wote wakaanza kutembea kuelekea tangi la maji, kwani ndiyo maji pekee yaliyokuwepo. Wenye kamba wakapita kando ya kitambaa cha kijani. Boksi likapita. Ungo ukapita. Viatu vya bata vikapita. Kapteni alipoona wanamjia alikwepa upande, akajikuta ameingia ndani ya mstari wa chaki, hatua moja kutoka kwa Mpishi.

"Afande," alisema Sajini, mtu ambaye hakuwahi kuvunja amri iliyoandikwa, "samahani. Mkuu wa Kikosi cha Mabomu. Wewe pia ni MKM."

"Mimi?"

"Wa tano," ilisema sauti kutoka chini. "PUUU!"

Kapteni aliruka kinyumenyume. Kamba ya meli ya kufagia ilikuwa pale pale nyuma ya magoti yake, na ikafanya kazi iliyotengenezewa. Alifagiwa. Miguu yake mirefu ilionekana kwa muda ikiwa imenyooka juu ya tangi, kisha maji yakamwagika mpaka kwenye bahari ya chaki, na nusu ya bahari ikafutika.

Hakuna aliyecheka. Mabaharia wanajua kubana. Lakini Mama Tochi hajawahi kuwa baharia. Alicheka hadi ndoo ikapinduka naye, na kofia yake ikabingirika hadi miguuni kwa Kapteni aliyekuwa anatoka tangini, akichuruzika, redio bado mkononi.

"Mama," alisema Kapteni kwa heshima kubwa, "kuna la kuchekesha?"

"Nisamehe, baba. Huko kwetu nasi tulianza hivyo hivyo." Alijifuta macho. "Shimo lina mwangwi. Ukiita mchimbaji, mbebaji, mvutaji, mfagiaji, chini wanasikia mmm, mmm, kama ng'ombe. Siku moja nimeita mbebaji akaja mfagiaji, jiwe likaanguka mguuni kwa mtu. Tukaacha kuita kichwa cha neno. Kichwa cha neno wote wanacho. Tukaita kiuno. Chimba! Beba! Vuta! Fagia! Tangu hapo, hajaumia mtu."

Nilimkodolea macho. Kiuno cha neno. Mwalimu wangu angeliita shina, na angelitumia saa mbili na ubao mzima kulieleza.

"Afande," nilisema, "naomba mpaka kesho jioni."

Kapteni alikamua mkono wa shati. "MKJ," alisema. Kisha akajishika. "Mpaka kesho jioni."

*

Jumatano sikula. Tulikaa watatu kwenye stoo ya rangi, mimi na kadi zangu, Mama Muhuri na mashine yake, na Mama Tochi aliyekuwa akitoka na kuita kila kifupisho kutoka nje ya dirisha, kwa sababu alisema neno lisilosikika kupitia ukuta halifai kwenda baharini.

Tulichukua silabi ya kwanza ya kitendo, tukaiunga na silabi ya kwanza ya mabomu. Ya kufagia ikawa Fama. Ya kuwinda ikawa Wima. Mzamiaji wa kutegua akawa Tema. Mtambo wa kutafuta ukawa Tama. Mpishi alipokuja na maandazi akadai naye chake, akapata Pima, kwa kupika, akaondoka akijiita hivyo mpaka jikoni. Tulipofika kwenye cheo cha Kapteni mwenyewe, nilichukua shina la "mkuu," nikaliunga na mabomu, nikafungua kinywa kutamka, nikakifunga. Mama Muhuri alinyanyua macho kwenye mashine.

"Huyo abaki Kapteni," alisema.

Msomaji asiyeelewa ajaribu mwenyewe, kwa sauti ya chini, mama yake akiwa mbali.

Jioni ile, Mama Tochi alipokuwa anavaa mabuti yake aende kwa mwenyeji wake, alisema tu, "Kesho saa saba." Hakuuliza kama barua ipo. Ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu anayemshusha mwenzake shimoni na hahitaji kumuuliza kama ameshika.

*

Admirali alifika Alhamisi saa nne, mtu mfupi mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kwa uzi, na uso ambao haukuonyesha kama ameshiba au ana njaa. Bahari ilikuwa imechorwa upya. Tangi la maji lilikuwa limefunikwa kwa mbao, kwa agizo la Kapteni.

"Fama, vuta upande wa kulia. Ova."

Wenye kamba wakavuta upande wa kulia. Peke yao! Nilishika mkono wa Mama Muhuri.

"Wima, uko wapi?"

"Wima amelala kaskazini," lilijibu boksi.

"Wima, usilale. Inuka. Tama yako inasikia nini?"

"Tama inasikia kitu kinakoroma, afande."

Kilikuwa Mpishi. Alikuwa amesinzia chini ya kitambaa baada ya kupitwa na wa pili.

"Hilo ni bomu," alisema Kapteni bila kupepesa macho. "Tema, teremka, ukalitegue."

Mzamiaji akaenda pa, pa, pa, akainua kitambaa, akamnong'oneza Mpishi sikioni, na Mpishi akaamka akasema kwa sauti ndogo ya aibu, "Puu?"

Nilimwona Admirali akigeuza uso kuelekea karakana. Mabega yake yalitikisika mara tatu, kisha yakatulia. "Nimeelewa kila amri," alisema alipogeuka. "Ni mara ya kwanza kwenye ukaguzi. Twendeni ofisini."

Saa sita kasoro robo, Kapteni alinikamata koridoni. Uso wake uling'aa.

"Amefurahi! Faili lako liko mezani. Kaa kimya tu, saa nane anasaini. Ile barua ya mama, mtumie kwa posta kesho. Hakuna anayesema usitimize. Kesho!"

"Basi lake ni saa saba, afande."

"Kesho na leo kuna tofauti gani?"

Nilikwenda mezani kwangu, kwenye duara la kijivu la debe la rangi, nikakaa. Nilimfikiria bibi yangu, niliyemwambia kwamba nimeajiriwa kabisa kwa sababu neno "majaribio" lingemnyima usingizi. Nilifikiri kwamba posta nayo inafika. Nilifikiri mambo mengi yenye akili. Halafu nikamfikiria shemeji mtu akiwa ameketi juu ya shimo, kamba mkononi, akimwona Mama Tochi anashuka kwenye basi mikono mitupu, na jinsi atakavyoanza kucheka kabla hata hajasalimia.

Nikachapa barua.

*Kwa yeyote anayehusika. Mama huyu aliitwa. Hakuota wala hakudanganywa na akili yake. Tangazo lilisema migodi, nalo lilipaswa kusema mabomu, na aliyeandika migodi ni mimi. Alikuja kama alivyoitwa, na vifaa vyake. Akiwa hapa alitufundisha namna ya kuwaita watu wanaofanya kazi ya hatari, na ushauri wake umeingia katika mwongozo wetu. Anafaa kushika kamba yoyote.*

Nilipiga hodi ofisini kwa Kapteni. Admirali alikuwa ameketi nyuma ya meza, faili langu likiwa wazi mbele yake, kalamu imeshafunguliwa. Kapteni alisimama dirishani. Aliona karatasi mkononi mwangu, nyeupe juu na njano chini, akafumba macho.

"Naomba muhuri, afande," nilisema.

"Wa nini?" aliuliza Admirali.

Nikampa barua. Alivaa miwani, akasoma. Alipofika kwenye migodi alisimama, akarudi nyuma mstari mmoja, akasoma tena. Kisha uso ule usioonyesha kitu ukapasuka. Alicheka bila sauti, kichwa kikiwa mezani, mkono ukipiga piga faili langu. Kapteni naye akaanza, kwa tahadhari. Nami nikatabasamu, nikadhani nimepona.

"Amekuja na sururu?" aliuliza Admirali akifuta miwani.

"Na tochi, afande."

"Na tochi." Alishusha pumzi. Alivuta muhuri, akaupiga kwenye wino, akaugonga kwenye karatasi nyeupe mpaka meza ikalia. Kisha akaitenga ile ya njano, akaitoboa matundu mawili, akaiweka ndani ya faili langu, juu kabisa. "Umefanya vizuri kuileta. Na kosa lililoandikwa ni kosa, siwezi kulisaini nikijifanya sijaliona. Majaribio. Miezi sita mingine, kuanzia leo. Mshahara ule ule mdogo, stoo ile ile."

"Ndiyo, afande."

"Saa ngapi basi?"

"Saa saba."

Admirali alitazama saa ya ukutani. "Mbona bado umesimama?"

Nilikimbia. Nilikimbia na viatu vya ofisini, mlinzi wa getini akinipigia kelele nisaini kitabu, nikampita. Kituo cha basi kilikuwa mitaa mitatu mbele, nyuma ya maduka ya vyuma. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Kondakta alikuwa anabishana na abiria mmoja mlangoni kuhusu sururu.

"Inakwenda chini, kwenye buti!"

"Wewe unasafiri bila tiketi zako mkononi?"

"Mama!" niliita.

Aligeuka. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo. Alipokea barua kwa mikono miwili, kisha, ingawa ilikuwa saa saba mchana na jua liko utosini, akanyoosha mkono akawasha tochi ya kofia yake ndipo akaanza kusoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Abiria walipiga kelele. Kondakta alipiga ubavu wa basi. Alipofika mwisho alipitisha kidole juu ya muhuri, akazunguka duara lote.

"Wamekuajiri?" aliuliza.

"Bado. Miezi sita tena."

Alinitazama, na mwanga wa tochi ukanipiga usoni mpaka nikafumba macho. Kisha akasogeza karatasi karibu, akaangalia chini ya muhuri.

"Hili ndilo jina lako?"

"Ndiyo, mama."

"Lote?"

"Lote."

"Hukulifupisha?"

"Sikulifupisha."

Akaikunja mara moja tu, akaiweka ndani ya kofia, juu ya nywele, akaivaa na kufunga mkanda wa kidevuni. Ndipo akampa kondakta sururu, akapanda.